Hudaibiya kabla ya kujulikana mwisho wake

Juzi baada ya darsa ya sira (maisha ya Mtume), baina ya magharibi na isha, kijana mmoja alinifuata barazani. Alikodi mikarafuu huku Mtambwe, mvua ikamkuta karafuu ziko juu ya majamvi, zikavunda, na pesa ya kodi hajamaliza kuilipa. Akaniuliza: "Maalim, na hili nalo niseme lina kheri?"

Nimesomesha kisa cha Hudaibiya, mkataba wa Mtume s.a.w. na Makureshi wa Makka, miaka mingi hapa Pemba, lakini swali lake limenirejesha kwenye kisa kile kwa jicho jengine.

Mwaka wa 6 Hijria (628 Miladia), Mtume s.a.w. alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya umra, wamehirimia (wamekwisha kuingia katika ibada hiyo) na wanyama wa kuchinja wanao. Makureshi wakawazuia Hudaibiya, jirani kabisa na Makka. Mkataba ulioandikwa ulikuwa mchungu: warudi bila ya kuiona Al-Kaaba, waje mwakani kwa siku tatu tu; vita visimame miaka 10; Muislamu atakayekimbilia Madina bila ya idhini ya walii (msimamizi) wake arejeshwe, lakini anayetoka Madina kwenda kwa Makureshi asirejeshwe. Hata maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, aliyakataa yasiandikwe. Hapo hapo akatokea mwanawe, Abu Jandal, anajikokota na minyororo, amekwisha kusilimu, anaomba aokolewe. Akarejeshwa.

Seyyidna Umar hakustahamili. Aliuliza: si ulituambia tutaifikia Nyumba (Al-Kaaba) na kuitufu (kuizunguka)? Mtume akamjibu kwa kumuuliza: je, nilikwambia ni mwaka huu? Umar akasema hapana. Basi utaifikia na utaitufu. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ahadi ya Mola tunaishika, kisha tunaitilia tarehe yetu wenyewe, na tarehe ikipita tunaona tumeachwa.

Mtume akawaamrisha wachinje na wanyoe, ndiyo kutoka katika ihramu pale pale bila ya kuifika Makka. Hakuinuka mtu. Akakariri mara tatu. Hawa si wanafiki. Ni watu waliokuwa wametoka kumpa kiapo chini ya mti. Huzuni ndiyo iliyowakalisha. Alipoingia kwa mkewe, Bi Ummu Salama, yeye akamshauri: toka, usiseme na mtu, chinja ngamia wako, muite kinyozi wako akunyoe. Akafanya. Masahaba walipomuona wakainuka, wakawa wananyoana wenyewe kwa wenyewe, hata wakakaribia kuuana kwa ghamu (huzuni kali).

Napenda sana neno hilo la mwisho lilivyobakia katika riwaya. Walitii na ghamu yao iko vile vile. Tawakkul yao, kumtegemea Mola, ilikuwa mikononi, vifua bado vinawaka.

Njiani wakirudi ikateremka Suratul Fat-hi, na aya ya kwanza inasema fat-hi imekwisha kutolewa, dhahiri kabisa. Fat-hi ni kufungua, na mlango wa Makka ulikuwa bado umefungwa. Yaliyofuata tunayajua: watu walichanganyika kwa amani, wakasikilizana, wakasilimu wengi, akiwemo Khalid bin Walid na Amr bin Al-As. Sharti la kurejesha watu Makureshi wenyewe waliomba lifutwe, baada ya Abu Basir, Muislamu mwengine aliyekimbia Makka, na Abu Jandal kukaa pwani wakiikata njia ya misafara yao. Mwaka wa 8 Makka ikaingiwa na watu 10,000.

Lakini hayo tunayajua sisi. Walionyoa siku ile hawakuyajua. Kwa hivyo sikumwambia kijana kwamba msimu ujao utamlipa. Hilo sina elimu nalo. Nilimsimulia kisa cha Bi Ummu Salama, kisha nikamuuliza: kilicho mikononi mwako leo ni kipi? Akafikiri, akasema atamwendea mwenye shamba kabla hajaitwa, amweleze ukweli na kumpa kidogo alichonacho.

Alikwenda asubuhi yake. Deni bado liko. Ijumaa tunaendelea na darsa, inshaallah, na tutaanzia vita vya Khaibar.