Porini Watasoma Saa Ngapi?

Kila ikikaribia likizo ya Juni, ninapowaalika watoto kwenye kambi yangu ya kusoma nje ya darasa, naulizwa swali lile lile, niwe Mtwara mjini, Masasi au Lindi: "Mwalimu, sasa huko porini watasoma saa ngapi?" Anayeuliza mara nyingi ameshalipia tuisheni ya asubuhi na ya jioni. Mwanawe yuko darasa la tano. Ukimpa ukurasa wa hadithi anautiririsha wote bila kukwama, kisha ukimuuliza nini kimetokea anakutazama tu. Nimelijibu swali hili sokoni, nimelijibu hata kwenye harusi. Leo nalijibu kwa maandishi, pamoja na ndugu zake.

Dhana: Kambi inampotezea mtoto muda wa kusoma

Hii inanichosha kuliko zote, kwa kuwa wanaoisema ni wazazi wanaojali kweli. Kambi wanayoijua ni ile ya darasa la saba na kidato cha nne: watoto wanalala shuleni na kukesha na mitihani ya miaka iliyopita. Kambi isiyo na ubao kwao ni matembezi.

Ukweli ni kwamba kutamka maneno yaliyoandikwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na kitu kichwani kuhusu jambo linaloelezwa. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli waisome. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliielewa na kuikumbuka vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Rudia sentensi hiyo kabla hujalipa tuisheni ya mwezi ujao.

Sasa ondoa besiboli, weka bahari. Mtoto aliyetembea juu ya mwamba wa Msimbati wakati wa bamvua, akamwona mama mmoja anamtoa pweza tunduni kwa kijiti, akikutana na pweza kitabuni hasomi herufi, anamwona. Mwenzake wa Nachingwea ambaye hajawahi kufika pwani anasoma "maji yakapwa" na kupita tu. Halafu tunasema huyu wa pili hapendi kusoma. Apende nini, wakati kila ukurasa unamzungumzia mambo ya wageni?

Ndiyo maana kambini nina amri moja nisiyobishana na mtu juu yake: swali kwanza, kitabu baadaye. Chukua Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Ukikitazama ni kilima cha kawaida, nyasi na vichaka. Unawapandisha watoto, wanahema, unawaambia kwamba hapa kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mmoja wao amesimamishwa jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13. Hapo nyamaza. Subiri. Maswali yatakuja yenyewe: walichimba na nani? Walibebaje mpaka bandarini? Kwa nini iko kwao?

Ndipo unatoa karatasi. Ukurasa mmoja unamhusu Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mwingine unawahusu wapagazi waliobeba mizigo hiyo kwa miguu, siku kadhaa njiani, hadi Lindi. Nimeona mtoto aliyeletwa kwangu kwa tuhuma ya "uvivu wa kitabu" akimnyang'anya mwenzake karatasi hiyo. Ungemgawia darasani saa nane mchana, angeifanya ndege.

Mambo ya namna hiyo kusini tunayo tele. Juu ya uwanda wa Rondo kuna komba mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi. Usiku mnatega masikio, kesho yake mnasoma habari zake. Kilwa Kisiwani, baada ya kuzunguka msikiti mkuu na Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, watoto wanasoma kwamba mwaka 1944 sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, Australia. Zilifikaje? Jibu la hakika halijapatikana hadi leo, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu kila mtoto anatafuta ukurasa wa kumtetea.

Na kwa aliyetaka saa kamili: wanasoma mchana jua linapokuwa kali, chini ya mwembe (si chini ya mkorosho, Juni watu wanapulizia salfa), na usiku baada ya kula.

Dhana: Mtoto mkubwa hasomewi

Anasomewa. Hata wa darasa la saba. Msomee kwa sauti usiku, na ukifika pale mtu wa hadithini anapotaka kufungua mlango, funga kitabu, kalale. Kesho alfajiri utawakuta wawili watatu wamekitangulia.

Dhana: Bila zawadi hawatasoma

Mashindano ya "aliyesoma vitabu vingi apewe begi" yaachwe kabisa. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Lepper, na wenzake waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti. Siku kadhaa baadaye, walioahidiwa walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Ukimlipa mtoto kwa jambo tamu, anahisi lazima lina uchungu. Ukitaka kununua kitu, nunua kitabu cha pili.

Dhana: Lazima twende mbali, tutumie fedha nyingi

Mikindani iko kilomita kumi na kidogo tu kutoka Mtwara mjini. Kuna Boma la 1895, na ndipo Livingstone aliposhukia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Lindi mjini, panda kivuko uende Kitunda. Serengeti itasubiri.

Dhana: Kusoma nje kunaharibu macho

Kitabu kisipigwe na jua la moja kwa moja, basi. Kukaa nje kwenyewe ni kinga: katika jaribio lililofanyika Guangzhou, China, na kutangazwa mwaka 2015, watoto walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walipata tatizo la kutoona mbali kwa uchache kuliko wenzao.

Dhana: Porini si mahali pa mtoto wa kike

Hili nalisikia kwa watu ambao watoto wao wanakwenda jando na unyago likizo hiyo hiyo, wanakaa huko, wanarudi na nyimbo na mafumbo kichwani bila daftari. Kujifunza nje ya kuta si kitu kigeni kwetu. Ulizeni maswali ya maana: mabinti wanalala wapi, matroni ni nani, vyandarua vipo, choo kiko umbali gani. Mkijibiwa vibaya msimpeleke, awe wa kike au wa kiume.

Dhana: Asiyejua kusoma asije, ataaibika

Huyo ndiye wa kwanza ninayemtaka. Akitoka matembezini ananisimulia alichokiona, naandika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha tunayasoma pamoja, kidole chini ya kila neno. Maneno ni yake, tukio ni lake, hakuna la kubahatisha. Karatasi zikifika tano tunazishona kwa uzi kuwa kijitabu chenye jina lake juu, na kijitabu hicho ndicho anachokwenda nacho nyumbani. Kwa hiyo mzazi, begi la kambi lisijazwe vitabu vya kiada. Weka chandarua, kofia, chupa ya maji, daftari moja lisilo na mistari na penseli mbili. Vitabu ninavyo.