Siku tano kwenye korongo la Batoka: kazi kubwa hufanyika nchi kavu

Chini ya Maporomoko ya Victoria, Mto Zambezi unaingia korongo la Batoka, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Wageni wengi hushuka kwa boti la mpira siku moja tu, wakapita baadhi ya mikondo 25 iliyopewa namba, yaani sehemu za maji makali kati ya miamba, jioni wakapanda kurudi mjini. Safari ya siku tano ni jambo jingine. Huko mbele kuta za mawe meusi ya volkeno zimesimama pande zote mbili, na aliyevunjika mguu leo anaweza kulala nao mpaka kesho ndipo atolewe. Hata simu ya setilaiti husumbua, kwa kuwa ukiwa chini ya kuta hizo huoni ila kipande cha anga.

Tuanze na msimu. Maji hufika kilele karibu na Aprili, yakapungua hadi Oktoba na Novemba. Safari ndefu hufanywa wakati wa maji machache, na hapo watu hudhani maji machache ni maji mapole. Sivyo. Mto ukishuka, miamba iliyofunikwa hujitokeza, maji yakaanguka kwa ukali na kujikunja chini ya mwamba. Mkondo namba 9 abiria huuzunguka kwa miguu. Kwenye maporomoko ya Moemba, mbele zaidi, mizigo na maboti hubebwa juu ya mawe yanayounguza nyayo. Panga nusu siku, na viatu vya kufungwa, si ndala.

Mzigo ndio unaoamua ukubwa wa ajali. Vizito, yaani majiko, maji na makasha ya chakula, hukaa chini na katikati. Kila kitu hufungwa kwa mikanda yenye bizimu, na ncha za mikanda huchomekwa ndani. Kipimo ni rahisi: boti likipinduliwa sasa hivi, nini kitaning'inia? Kamba iliyolegea hunasa mguu wa aliye majini. Sanduku la huduma ya kwanza na simu visipande boti moja. Boti hilo likipotea, mmepoteza vyote.

Hewa nayo ina hila. Boti lililojazwa likakaza alfajiri, kisha likaachwa mchangani saa sita mchana, hewa yake hutanuka na kuta za ndani zinazotenganisha vyumba vya hewa zaweza kupasuka. Likivutwa nchi kavu juani, punguza hewa kidogo. Likirudi kwenye maji baridi, jaza tena. Wanaosahau hatua hii ya pili huingia kwenye mkondo na boti lililolegea, linalojikunja katikati.

Sasa kuanguka majini, maana mtaanguka. Jaketi okozi libanwe hadi mtu akivuta mabegani lisipande kufika masikioni. Ukiwa majini lala chali, miguu ielekee kule maji yanakokwenda, vidole vya miguu vikionekana juu. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi yanayopita goti: mguu ukiingia katikati ya mawe mawili, maji hukusukuma kifudifudi na huwezi kuinuka, hata kina kikiwa cha kiuno tu. Vuta pumzi ukiwa bondeni kati ya mawimbi, kwa sababu kwenye kilele povu hukupiga usoni. Ukijikuta chini ya boti lililopinduka, sukuma dari kwa mikono ukielekea upande mmoja mpaka utokee.

Kamba ya uokoaji ya mita 15 hadi 20, inayokaa ndani ya mfuko, hurushwa ipite juu ya aliye majini, si mbele yake. Anayeokolewa hushika kamba, si mfuko wake, akaipitisha begani na kulala chali. Asiizungushe mkononi kamwe, na mwokoaji vilevile. Asiye na nafasi ya kusimama imara asirushe. Mvuto utamtia mtoni naye.

Usiku kambi huwa mbali na ukingo. Mamba wapo, na wale wa mabwawa tulivu ya chini ni wakubwa kuliko wale wa karibu na maporomoko, basi kuoga ni kwa ndoo.

Kinachovunja safari nyingi, kwa maoni yetu, ni tumbo. Joto la Oktoba hukaribia nyuzi 40. Kila mtu apangiwe lita 4 hadi 5 za kunywa kwa siku. Maji ya mto yaache yatulie kwenye ndoo, chuja kwa kitambaa, kisha yachemke kikamilifu dakika moja, au tia klorini ya asilimia 5 hadi 6 matone 2 kwa lita na usubiri dakika 30. Ndoo ya kunawa kwa sabuni iwekwe kabla ya jikoni na nyingine kando ya choo. Katika Grand Canyon, Marekani, kinyesi chote ni lazima kitolewe bondeni ndani ya makasha yaliyofungwa. Utaratibu huo unafaa Batoka pia, kwani fukwe za kulala ni chache na kila kundi hulala palepale.

Miguu ikaushwe kila jioni na kupakwa mafuta, kwa kuwa michubuko inayolowa siku nzima huoza haraka. Maji yaliyosimama yanaweza kuwa na kichocho. Pima wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi, hata kama hujaona damu kwenye mkojo.