Uchumi umekua kwa asilimia 5.5, mbona mfukoni sioni?

Tangu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 izinduliwe Dodoma Julai 2025, hilo ndilo swali tunaloulizwa zaidi sisi watu wa takwimu. Ni swali la haki. Yenye kasoro ni majibu yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, hasa lile la kwamba takwimu "zinapikwa".

Mwaka 2024 pato halisi la Taifa la Tanzania, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, lilikua kwa asilimia 5.5. Neno "halisi" maana yake kupanda kwa bei kumeshaondolewa, kwa hiyo tafadhali, ukuaji huo si bei ya sukari. Uchumi unaokwenda kwa mwendo huo bila kusimama huwa mara mbili ndani ya miaka 13 hivi. Kanuni ya haraka ni hii: chukua 70, gawanya kwa asilimia ya ukuaji, hapa 5.5. Lakini pato hilo lina wagawanaji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120, yaani ongezeko la wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Toa 3.2 kwenye 5.5, inabaki 2.3, ndiyo kasi ya pato la mtu mmoja mmoja. Gawanya tena 70 kwa 2.3: miaka 30. Mtoto anayezaliwa leo anaweza kuwa mzazi kabla pato la mtu mmoja mmoja halijawa mara mbili.

China, tangu mageuzi ya 1978, ilikua kwa karibu asilimia 10 kwa mwaka kwa miongo mitatu, huku kasi ya kuongezeka kwa watu wake ikipungua. Sisi tunaizidi kasi ya dunia, ambayo ni kama asilimia 3, na bado haitoshi.

Dira inalenga uchumi wa dola trilioni 1 na pato la dola 7,000 kwa kila mtu ifikapo 2050. Gawanya mwenyewe: ni watu milioni 143 hivi. Leo tuko kwenye takriban dola bilioni 80. Kuzizidisha zaidi ya mara 12 kwa miaka 25 kunataka zaidi ya asilimia 10 kila mwaka kwa thamani ya dola, ukijumlisha na mfumuko wa bei. Mimi naamini inawezekana, ila si kwa kilimo cha kungoja mvua: kinabeba zaidi ya nusu ya nguvu kazi, kinatoa kama robo tu ya pato.

Na hakuna atakayejua kama tumefika endapo tutaendelea kuficha madaftari. Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nilimkuta mama anayeuza vitenge. Aliponiona na kishikwambi, daftari la mauzo akalisukuma chini ya marobota kwa mguu, akaniambia, "Mwanangu, leo sijauza hata kimoja." Wateja watatu walikuwa wamesimama wakisubiri chenji. Sikumlaumu. Alidhani nimetoka kwenye kodi.

Nigeria ilipobadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na sura ya uchumi wake hutumika kupimia pato, kutoka 1990 hadi 2010, pato lake lilipanda kwa asilimia 89 kwenye karatasi, Aprili 2014, kwa sababu simu, filamu na biashara ndogo hazikuwa zimehesabiwa ipasavyo. Miaka yote hiyo mipango ilipangwa kwa ramani ya zamani. Sisi tulihamia kizio cha 2015 mwaka 2019, lakini kizio kipya hakisaidii kama "sijauza hata kimoja" ndiyo inayoingia kwenye dodoso.

Kwa hiyo utaratibu wa kuhojiwa ni huu. Mdadisi, yaani mkusanya takwimu, hufika na kitambulisho, na huanza kwa kujitambulisha kwenye ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Omba kitambulisho ukione. Kama hana, usijibu, mpigie mwenyekiti wa mtaa. Mdadisi haombi hela, wala nywila ya benki au ya simu. Taarifa zako hutumika kwa takwimu tu, zikijumlishwa na za wengine, na jina lako halipelekwi kwa mkusanya kodi. Mtumishi anayezitoa nje anatenda kosa chini ya Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, na anaweza kutozwa faini au kufungwa. Sheria hiyo hiyo inamgusa anayekataa kujibu bila sababu ya msingi au anayetoa taarifa za uongo kwa makusudi. Hilo wengi hawalijui mpaka waandikiwe barua. Kama daftari lako halijakamilika, mwambie mdadisi hivyo hivyo, mpangiane siku nyingine arudi.