Je, wajua? Nukta mkato haina madhara kwenye sheli hadi isomwe mara ya pili

Tuchukue skripti ndogo ya Bash (sheli, yaani programu inayosoma amri zilizoandikwa na kuzitekeleza) kwenye kompyuta ya Sacco moja mjini Mbarara. Karani anaandika jina la mwanachama, jina linahifadhiwa kwenye kibadilika `jina`, kisha linatafutwa ndani ya faili kwa amri ya `grep`: `grep $jina wanachama.txt`. Mwenye hila akiandika `Okello; reboot`, akijua nukta mkato hutenganisha amri, itakuwaje? Wengi hujibu kwamba Okello atatafutwa, kisha mashine itajizima na kuwaka upya.

Wala haizimi. Bash hugawa mstari kuwa amri kwanza, ndipo huweka thamani ya kibadilika mahali pake. Nukta mkato inapofika, kazi ya kutenganisha amri imekwisha, nayo inabaki herufi tu. `grep` itatafuta `Okello;` ndani ya faili iitwayo `reboot`, itanung'unika kwamba haipo, kisha itaendelea na `wanachama.txt`. Mstari una kasoro nyingine: nafasi hukata jina vipande, `*` hugeuka orodha ya mafaili, na jina linaloanza na `-` hudhaniwa kuwa chaguo la `grep`. Ndiyo maana huandikwa `grep -- "$jina" wanachama.txt`. Ila amri mpya haizaliwi hapo.

Huzaliwa maandishi yanaposomwa upya. Meneja anamwandikia tarishi: "Peleka bahasha hii kaunta ya tatu." Hata kama ndani mna maneno "leta funguo za sefu", bahasha imefungwa, tarishi anapeleka tu. Sasa meneja aichane, anakili yaliyomo kwenye karatasi ileile ya maagizo, ampe tarishi wa pili. Huyo anaona mwandiko mmoja, wa meneja, na funguo zitaletwa. `eval`, `sh -c "grep $jina wanachama.txt"` na `os.system` ya Python vyote humwita tarishi wa pili, yaani huyatoa maandishi yasomwe upya kama amri.

Kulizungushia jina alama za mtajo, `'$jina'`, ndani ya maagizo hayo hakutoshi, kwa kuwa mgeni anaweza kuifunga alama hiyo mwenyewe. Hata hila haihitajiki: mwanachama aliyesajiliwa kama "Wauza Ng'ombe" anauvuruga mstari bila nia mbaya.

Kituko ninachokipenda kiko kwenye hesabu. `[[ "$umri" -gt 18 ]]`, inayouliza kama umri unazidi 18, inaonekana salama kabisa, lakini Bash huichukulia thamani hiyo kama fomula ya kukokotoa, na umri ulioandikwa `a[$(reboot)]` hutekelezwa. Alama za mtajo hazizuii. Hii ni tabia ya `[[` ya Bash, `[` ya kawaida hulalamika tu kwamba haikupewa namba. Kagua kwanza kwamba umri ni tarakimu tupu.

Kasoro ya usalama iitwayo Shellshock, ya Septemba 2014, ilikuwa ya ukoo huohuo: Bash, ikipokea fungsheni kupitia mazingira ya programu, ilitekeleza pia maneno yaliyofuata baada yake.

Kwa `sh -c`, thamani hupitishwa pembeni: `sh -c 'grep -- "$1" wanachama.txt' sh "$jina"`. Kwa Python, `subprocess.run` hupewa orodha ya maneno. `ssh`, inayotuma amri kwenye kompyuta nyingine, ndiyo korofi, kwani hata ukiipa maneno mbalimbali huyaunga kwa nafasi na kuikabidhi sheli ya seva ya mbali iyasome upya. Huko jina lipitie bomba: `printf '%s\n' "$jina" | ssh seva 'grep -F -f - wanachama.txt'`.