“Ile ya Fugard”: yanayosemwa kuhusu Sizwe Bansi na yaliyo kweli

Majuzi tena. Mwalimu wa sekondari moja hapa Dodoma kaniletea kikundi chake cha maigizo, tumekaa chini ya mwarobaini, vumbi linatupiga usoni kama kawaida ya mji wetu, na kabla sijauliza wamekuja na nini, kijana mmoja kasimama: “Shikamoo mwalimu. Mwaka huu tumeamua kucheza ile ya Fugard, ya yule Sizwe aliyekufa.”

Marahaba. Alikuwa anasema Sizwe Bansi Is Dead, tamthiliya ya Afrika Kusini. Sentensi moja, makosa mawili. Nimeyasikia kwa wanafunzi wa vyuo, nimeyasikia kwa vikundi vya mtaani Nkuhungu na Chang’ombe, nimeyasikia hata kwa mtu aliyetaka kunilipa niongoze mchezo wenyewe. Leo nayaandika, ili akija mwingine nimpe asome kwanza, ndipo tuzungumze.

“Aliyeandika ni Athol Fugard. Kani na Ntshona waliigiza tu.”

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie.

Sizwe Bansi Is Dead ina watunzi watatu: Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona. Najua mkanganyiko ulikoanzia. Mwaka 1974 ilichapishwa ndani ya kitabu kimoja pamoja na tamthiliya nyingine mbili. Moja kati ya hizo, The Island, nayo ni ya watatu hao hao. Iliyobaki ni ya Fugard peke yake. Basi watu wakaona jina moja kubwa, wakazibeba zote tatu wakampa yeye. Kitabu chenyewe kinasema wazi kwamba hizo mbili zilibuniwa na watatu mazoezini, lakini nani siku hizi anasoma kurasa za mwanzo?

Kazi ilianza na picha. Fugard aliwaonyesha wenzake picha ya mtu aliyevaa nguo zake za Jumapili, sigara mkono mmoja, kiko cha tumbaku mkono wa pili, anatabasamu. Swali likawa: huyu anatabasamia nini? Kani na Ntshona, watu wa New Brighton kule Port Elizabeth, walikuwa na jibu tayari: Mwafrika akitabasamu hivyo, basi pasi yake, kile kitabu cha kibali alicholazimishwa kutembea nacho, iko sawa. Mchezo mzima umeota hapo. Walisimama wakaigiza, wakabishana, wakarudia, Fugard akipanga na kuchuja. Maneno yalipata karatasi baadaye.

Simtoi Fugard heshima yake. Kikundi cha Serpent Players alikuwa nacho tangu 1963, na makaburu walimnyang’anya pasipoti kwa miaka kadhaa. Mwaka 1958 aliwahi kuwa karani katika mahakama ya Johannesburg iliyohukumu kesi za pasi, akiona watu wakipitishwa mmoja baada ya mwingine. Pasi aliijua, ila aliijua akiwa upande ule wa meza. Wenzake walitembea nayo mfukoni. Na katika pasi hizo, kwa kuwa sheria haikumtambua Mwafrika mwenye kazi ya kuigiza, waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard. Hadithi ya Styles, mpiga picha ndani ya mchezo, kuhusu siku tajiri Ford wa magari alipokuja kutembelea kiwanda nayo haikutoka maktaba. Kani mwenyewe alifanya kazi kiwanda cha Ford.

Jambo hili si geni kwetu. Harakati za Ukombozi ya 1982 ina majina ya Amandina Lihamba, Ndyanao Balisidya na Penina Muhando, na sijasikia mwanafunzi akiiita “ile ya Lihamba” halafu akawageuza wale wawili kuwa wasaidizi. Kwa nini basi kwenye Sizwe, Mzungu ndiye anabaki na Waafrika wawili wanadondoka njiani? Nauliza tu.

Mtasema jina ni jina, mwalimu, twende kazini. Haliishii kwenye jina. Kikundi kinachoamini mchezo ulitoka kichwa cha mtu mmoja hukishika kitabu kama msahafu. Mwaka juzi niliitwa kutazama mazoezi ya vijana fulani. Mchezo unaanza Styles akiwa kwenye studio yake ya picha, anasoma gazeti na kulijibu. Kijana kapanda jukwaani na gazeti letu la Kiswahili mkononi, kalishika juu chini, macho yako darini, anakariri vichwa vya habari vya Afrika Kusini ya mwaka 1972. Watazamaji wachache waliokuwepo wakaanza kuangalia simu zao.

Kani hakufanya hivyo. Sehemu ile aliicheza na habari za wakati ule, za mahali pale alipokuwa, na urefu wake ulikwenda na watu waliokuja. Kilichochapishwa ni kama picha ya usiku mmoja. Nikamwambia yule kijana: mdogo wangu, geuza gazeti, soma kichwa cha habari cha kweli, halafu lijibu kama unavyolijibu ukiwa kijiweni. Habari ya kwanza aliyoikuta ilihusu maji. Hakuhitaji kufundishwa zaidi. Kila aliyekaa pale anayo ndoo yake nyumbani.

“Ulaya ndiyo iliyoupa mchezo jina.”

Tuhesabu pamoja. Mara ya kwanza ulichezwa tarehe 8 Oktoba 1972 katika ukumbi wa The Space, Cape Town. Ulipopelekwa New Brighton, kwa watu ambao habari ilikuwa yao, watazamaji waliingilia onyesho katikati na kubishana: je, Sizwe achukue pasi ya maiti au asichukue? Waigizaji wakasubiri mjadala upoe ndipo waendelee. Mwongozaji yeyote anayefahamu kazi yake angetoa mwaka wa mshahara apate usiku kama ule.

London ilifuata 1973, Royal Court, kwanza chumba kidogo cha juu, baadaye ukumbi mkubwa. Marekani walifika 1974, wakaingia New York Novemba, na 1975 Kani na Ntshona wakapewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora. Ni heshima kubwa, sibishi. Lakini kilichotuzwa New York ni kitu kilichokwisha kuiva kusini. Na tuzo haikuwakinga: Oktoba 1976, baada ya kuucheza Transkei, eneo la Waafrika lililotengwa na makaburu, walikamatwa na kutiwa ndani wote wawili, hadi kelele za nje ya nchi zikasaidia wakaachiwa.

Hapo hapo kuna wanaosema serikali ya makaburu iliupiga marufuku kabisa. Hapana. Ulichezwa ndani ya nchi, kwa ujanja na kwa hofu, mara nyingine ukumbi ukijiita klabu ili watu wa rangi zote wakae pamoja. Marufuku ya moja kwa moja ingekuwa rahisi kuielewa. Kukuacha ucheze halafu kukubeba usiku ni jambo jingine.

“Sizwe anakufa.” Hafi. Anayekutwa amekufa ni Robert Zwelinzima, na Sizwe, ambaye pasi yake inamtaka aondoke mjini, anachukua jina na namba ya marehemu. Kinachokufa ni jina lake. Someni kitabu mpaka mwisho jamani.

“Ni wa watu wawili, kwa hiyo ni rahisi.” Aliyecheza Styles ndiye huyo huyo aliyecheza Buntu, anayemsaidia Sizwe kuchukua pasi ya marehemu, na ndani ya Styles kuna kiwanda kizima na familia nzima iliyokuja kupiga picha. Kikundi kikiniletea watu wawili na wiki mbili, nawarudisha nyumbani.

“Hayo ni mambo ya Afrika Kusini ya zamani.”

Nikisikia hili likisemwa Dodoma huwa natabasamu kama yule wa kwenye picha. Kongwa iko wapi? Hapo tu. Wapiganaji wa ANC walikuwa na kambi Kongwa tangu 1964, jirani na wenzao wa Frelimo na Swapo. Wazee wa kule walinunuliana nao sokoni.

Na pasi tunaijua kwa jina letu wenyewe. Kwenye mazoezi huwa silitumii neno la kitabu. Nasema “kipande”. Vijana hushangaa, wazee hukaa wima. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na kipande cha mfanyakazi, kadi ya siku thelathini za kazi, na waliokwenda kwa mkataba kwenye mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Haikuwa sheria ile ile ya makaburu, msije mkaenda kuandika hivyo kwenye mtihani. Lakini Buntu anapomkaririsha Sizwe namba ya mtu aliyekufa, arudie, arudie tena, asije akakosea mbele ya polisi, mimi sihitaji maelezo ya kitabu kuwaeleza watazamaji wangu.

Wala hauhitaji makaburu kuwa hai. Peter Brook aliucheza kwa Kifaransa mwaka 2006, Habib Dembélé wa Mali akiwa na Pitcho Womba Konga mzaliwa wa Kinshasa, huko Ufaransa, nchi ambayo mhamiaji asiye na kibali huitwa kwa Kifaransa “mtu asiye na karatasi”. Kani na Ntshona waliurudia wenyewe London 2007 na New York 2008, wakiwa watu wazima wenye mvi. Baadaye Kani aliuongoza, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanawe, Atandwa. Ntshona alifariki 2018, Fugard 2025.

“Kitabu tumenunua, kwa hiyo ruhusa tunayo.” Umenunua karatasi za kusoma. Kuuweka jukwaani mbele ya watu ni ruhusa nyingine, inaombwa, na inaombwa mapema, si siku tatu kabla ya mahafali. Na wanaonionyesha nakala ya fotokopi wakisema “tumenunua” ndio kabisa.

Kwa wale wanafunzi wa chini ya mwarobaini nilitoa kazi ninayoitoa kwa kila kikundi kinachotaka Sizwe: msiguse kitabu wiki ya kwanza. Nendeni kwenye studio za picha, zile za pasipoti saizi, mkae kwenye benchi saa nzima. Tazameni mtu anavyoweka kola sawa, anavyojipangusa jasho, anachouliza.

Walirudi juzi. Wengi walileta habari za mapazia ya bluu na foleni. Binti mmoja, mkimya, alileta hii: mzee kavua kofia, kakaa kwenye kigoda, kamuuliza mpiga picha, “Nicheke?” Kijana wa studio, bila kuinua macho kutoka kwenye kamera: “Usicheke, mzee. Hii ni ya kitambulisho.”

Nikampa yeye nafasi ya Styles.