Mawazo hukondesha? Dhana potofu kuhusu njaa, mazoezi na unene

Hapa Moshi mtu akinenepa tunampongeza: "Umenawiri, maisha yamekukubali." Akikonda tunamuuliza ana mawazo gani. Tunasema hivyo kwa upendo, lakini tunawasahau watu wengi wanene wanaobeba msongo mzito ambao hakuna anayeuona.

Dhana: Mwenye mawazo hukonda.

Ukweli: Wapo wanaokonda, kwani miili haifanani. Jambo kubwa ni mawazo hayo yamekaa muda gani. Ukipigiwa simu kwamba mtoto amegongwa na bodaboda, adrenalini, homoni ya dharura, hupanda na njaa hukatika papo hapo. Marejesho ya VIKOBA yasiyoisha, ada ya shule na ugomvi wa ndani ya ndoa hufanya kazi nyingine. Hayo yanaweza kuiweka juu kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Kotisoli huandaa nguvu ya kupambana kwa kupandisha sukari ya damu, na isiposhuka kwa muda mrefu huamsha hamu ya kula, hasa vitamu na vya mafuta. Aliyelemewa na mawazo hatafuti mchicha saa tatu usiku, anatafuta chipsi mayai. Mafuta yanayotokana na hali hiyo hupenda kurundikana tumboni.

Anayetaka ushahidi wa karibu amuulize mgonjwa wa pumu au wa viungo aliyetumia prednisoloni kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo ni ya jamii ya kotisoli, na wengi wanaoitumia husema njaa iliwaandama. (Kama unaitumia, usiiache ghafla bila daktari. Ni hatari.)

Mawazo pia huiba usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wa kiume wenye afya kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, kwa usiku mbili. Grelini, homoni ya njaa, ilipanda kwa asilimia 28, na leptini, homoni ya shibe, ikashuka kwa asilimia 18. Hao walikuwa vijana wasiodaiwa na mtu. Fikiria mama lishe anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri, mwaka mzima.

Dhana: Mnene ni mlafi tu, hana nidhamu.

Ukweli: Leptini iligunduliwa mwaka 1994, na wengi walitarajia wanene wangekutwa hawana. Walikutwa nayo tele, kwa sababu inatengenezwa na mafuta yenyewe. Tatizo ni kwamba ubongo wao hauisikii vizuri, kwa hiyo njaa wanayoisema ni njaa ya kweli. Kumcheka mtu wa namna hiyo mbele ya sahani yake ni kumwongezea msongo ule ule unaomlisha. Naomba tuache.

Dhana: Mazoezi yanaongeza njaa, kwa hiyo ni kazi bure.

Ukweli: Mazoezi ya nguvu huishusha grelini kwa muda na kuongeza homoni za shibe za utumbo, hivyo wengi hawana hamu ya kula mara tu wanapomaliza. Kukaa ndiko kunakodanganya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1956 kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha juti (nyuzi za magunia) huko Bengali Magharibi, India, ulikuta kwamba waliokaa tu walikula zaidi ya wenye kazi nyepesi, na walikuwa wazito zaidi.

Kinachoharibu ni zawadi tunayojipa. Soda moja ya mililita 350 inarudisha karibu kalori zote za nusu saa ya kutembea haraka.

Dhana: Bila kuumia hakuna faida.

Ukweli: Mazoezi makali hupandisha kotisoli kwa muda, na kwa mwenye afya hilo si tatizo. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mazoezi mepesi ya nusu saa hayaipandishi, na hata huishusha. Kwa hiyo asiyelala vizuri na mwenye magoti yanayouma aanze kwa kutembea kwenye vivuli vya mtaa wetu wa Shantytown, kwa mwendo unaomruhusu kuongea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki.

Asitegemee jasho peke yake. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutembea kutwa nzima wakiwinda na kuchimba mizizi, lakini vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku inakaribiana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Faida ya mazoezi ipo zaidi kwenye usingizi, presha, sukari na msongo.

Dhana: Kitambi cha kotisoli kina vidonge vyake mtandaoni.

Ukweli: Usinunue. Ugonjwa halisi wa kotisoli kuzidi upo, ila ni nadra, na una dalili zake: uso wa mviringo, michirizi mipana ya zambarau tumboni, ngozi inayovilia damu kirahisi, mapaja yanayokosa nguvu huku tumbo likikua. Ukiziona, nenda hospitali ukapimwe.