Mnyoo anayejitafutia: "nematodi huru" ni nani?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya minyoo. Kuna chango wa tumboni. Kuna safura, inayonyonya damu mpaka mtu akapauka. Kuna matende, inayovimbisha mguu hadi kiatu kikakataa kuingia. Tatizo ni kwamba maneno yote hayo ni ya ugonjwa. Ingia duka lolote la dawa hapa Nairobi useme "minyoo" tu. Mhudumu hatakuuliza minyoo gani, atakuuliza mtoto ana miaka mingapi.

Ndiyo maana mtu akisikia kuna wasomi wanaomaliza miaka yao kuwapa majina minyoo wa matope ya baharini, swali lake la kwanza huwa: wanaleta ugonjwa gani? Hawaleti wowote. Hao ndio nematodi huru, na lugha yetu haikuwahi kuwatafutia neno kwa sababu hawajawahi kutuuma.

Tuanze na nusu ya kwanza ya jina. Nematodi ni mnyoo duara: mwili kama kipande cha uzi, umechongoka huku na huku, hauna pingili kama za nyungunyungu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki, nema, yaani uzi. Chango, na minyoo wa safura na wa matende, wote ni nematodi. Tegu si mmoja wao, wala wale wa kichocho. Hao ni minyoo bapa, ukoo mwingine kabisa, ingawa sisi huwatupa wote kapu moja.

Nusu ya pili, "huru", inapotosha kidogo. Haina maana kwamba mnyoo huyu ametoroka tumboni mwa mtu. Maana yake ni kwamba tangu yai hadi uzee haishi ndani ya mnyama wala kwenye mzizi wa mmea akila jasho la mwenyeji. Anajitafutia. Ningekuwa na kauli ningesema "nematodi anayejitegemea", lakini "huru" ni fupi, na neno fupi hushinda.

Ukitaka kuwaona si lazima uteremke Pwani. Juzi nilichota tope kiasi cha vijiko vitatu ukingoni mwa Mto Ngong, upande wa South B, mikono ndani ya glavu kwa sababu mto ule tunaujua. Nyumbani nilitandika tishu mbili ndani ya chujio la plastiki, nikaweka tope juu yake, nikalikalisha chujio kwenye bakuli la maji hadi maji yakagusa tishu. Nikalala. Ujanja wake ni huu: tope hubaki juu, lakini mnyoo aliye hai hujipenyeza kwenye tishu, akitokea upande wa pili anazama, maana hawezi kuogelea kurudi juu. Asubuhi nikafyonza maji ya chini kwa bomba la sindano na kuweka tone moja kwenye kioo, chini ya hadubini niliyoazima kwa rafiki anayefundisha baiolojia.

Mpwa wangu ndiye aliyetangulia kuchungulia.

"Anti, kuna kitu kinajipiga-piga!" Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Hawa si watatuingia?"

Nikamwambia hawana haja naye, wanatafuta bakteria. Hakubishana nami, ila alienda kunawa mara ya pili.

Kule kujipiga-piga ndiko kitambulisho cha kwanza. Nematodi ana misuli inayokwenda kwa urefu wa mwili tu. Misuli ya kuuzunguka mwili, ile inayomwezesha nyungunyungu kujivuta na kujirefusha, hana. Ndani amejaa umajimaji wenye shinikizo, nje amevikwa ngozi ngumu inayonyumbulika. Akikaza misuli ya upande mmoja anapinda, akiilegeza anarudi, akikaza ya upande wa pili anapinda kwingine. Kwenye tone la maji matupu anahangaika bure. Kati ya chembe za mchanga, ambako kila mpindo unapata cha kujisukumia, anateleza kama nyoka kwenye nyasi.

Wengi wa wanaoishi majini hawafiki milimita mbili. Wako kwenye tabaka la viumbe ambalo Molly Mare, mtafiti wa Uingereza, alilipa jina la meiobenthos mwaka 1942, na leo viumbe wake huitwa meiofauna: wadogo mno kubaki kwenye chekeche ya kukamatia chaza na kaa, wakubwa mno kuitwa vijidudu vya seli moja. Kwa vitendo, maabara nyingi za bahari huhesabu kiumbe kinachopita kwenye tundu la milimita moja kikakwama kwenye la mikroni 38, yaani sehemu 38 za elfu za milimita. Kati ya waliokwama humo, karibu kila mahali duniani, nematodi ndio wengi kuliko wengine wote wakijumlishwa.

Sasa, kuwapa majina. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo neno "uainishaji" linapoacha kuwa la darasani. Kwa jicho la kawaida, nematodi mia moja ni nyuzi mia moja. Mtu wa kazi hii huchukua tope lililohifadhiwa kwa fomalini, akalizungusha kwa mashine pamoja na kimiminika kizito kidogo kuliko maji, mchanga ukazama na minyoo wakaelea. Akishawahesabu, huokota mia moja au mia mbili bila kuchagua, mmoja mmoja, kwa sindano nyembamba au kwa unywele wa kope uliogundishwa kwenye kijiti. Kisha huwaloweka polepole kwenye gliserini hadi mwili uangaze kama kioo, viungo vya ndani vikaonekana bila kupasua. Siku nzima inaweza kupita kwa minyoo ishirini.

Anatazama nini? Kwanza kinywa. Mwaka 1953 Wolfgang Wieser, mwanazoolojia wa Austria, aliwagawa nematodi wa baharini kwa makundi manne ya vinywa, na mpaka leo mgawo huo unatumika. Wapo wenye kinywa chembamba kisichoonekana vizuri, wanaofyonza bakteria kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Wapo wenye kinywa kipana kama bakuli, bila meno, wanaomeza tope na vilivyomo. Wengine wana vijino vya kukwangulia na kupasulia mwani wa seli moja, mfano wa mtu na njugu. Na wapo wenye meno makubwa na taya, jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Oncholaimus kwa mfano, ambao kitoweo chao kinaweza kuwa nematodi mwenzao. Mgawo huu naupenda, ila tusiutegemee kupita kiasi: unasoma chakula kutokana na sura ya kinywa, na wapo waliotazamwa wakiwa hai wakala vitu ambavyo kinywa chao hakikutabiri.

Baada ya kinywa, amfidi. Hizi ni pua mbili, moja kila upande wa kichwa, za kunusia kemikali. Kwa ukoo mmoja mkubwa mara nyingi zimejizungusha kama kamba iliyoviringwa. Kwa mwingine ni kama mfuko wa shati. Halafu mistari ya ngozi, vinyweleo, umbo la mkia. Halafu vipimo ambavyo Mholanzi de Man aliviweka miaka ya 1880: urefu wa mwili ukigawanywa kwa upana, kwa urefu wa koo, kwa urefu wa mkia. Na mwishoni, dume. Dume ana vijiti viwili vilivyopinda vya kupandishia, na sura ya vijiti hivyo mara nyingi ndiyo inayotenganisha spishi na jirani yake. Ukikosa dume kwenye sampuli, unaweza kujua jenasi na kukwama hapo hapo.

Ndipo unakuta orodha za kisayansi zimejaa "sp. 1", "sp. 2", "sp. 7". Ni wageni waliohesabiwa mlangoni kabla hawajaulizwa majina. DNA imesaidia, na pia imeongeza kazi: mnyoo mmoja wa mwani unaooza ufukweni, Litoditis marina, aliyedhaniwa kuwa spishi moja, alipopimwa jeni alikutwa ni spishi kadhaa zinazofanana sura kama mapacha. Hadi sasa nematodi wote waliopewa majina, wa magonjwa na walio huru, ni zaidi ya 25,000. Wangapi wamebaki? Makadirio yanaanzia malaki, mengi hutaja milioni moja, na mwaka 1993 lilitolewa kadirio la milioni 100, ambalo wengi sasa wanaliona kubwa mno.

Neno la tatu linalohitaji kusafishwa ni bioanuwai, kwa sababu watu hulichanganya na wingi. Nenda Marigiti. Gunia zima la maharagwe ya nyayo ni wingi. Bakuli moja lenye nyayo, mwitemania, rosekoko na ya manjano ni anuwai, hata kama ni konzi mbili tu. Na bakuli lenye aina nne kwa viwango vinavyokaribiana lina anuwai kubwa kuliko lenye nyayo tupu na punje moja moja ya hizo nyingine.

Mfano wa wingi tunao hapa nchini. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa matope ya mikoko ya Ghuba ya Gazi, Kwale. Waliolinganishwa ni viumbe wa chini ya aina tano za miti ya mikoko. Chini ya muia walikutwa viumbe wadogo 6,707 katika sentimita 10 za mraba, eneo dogo kuliko uso wa kisanduku cha kiberiti. Chini ya mkandaa, msitu ule ule, 1,976. Nematodi walifika hadi asilimia 95 ya viumbe hao. Mvuvi wa Gazi anayepita hapo kwa miguu anakanyaga umati wa uwanja wa mpira kila hatua, na hakuna anayelalamika.

Tumezoea kusikia kwamba tropiki, ukanda wa joto wa kandokando ya ikweta, ndiyo yenye kila kitu kwa wingi: miti, ndege, samaki wa matumbawe. Nematodi hawafuati wimbo huo. Hesabu ya dunia nzima ya nematodi wa udongo iliyotolewa 2019 ilikuta umati mkubwa zaidi uko kaskazini kwenye baridi. Tunachoweza kusema kuhusu maji ya tropiki ni kwamba yametazamwa kidogo. Kazi nyingi za mwanzo zilifanyiwa pwani za Ulaya, na majina yanaonyesha: jenasi ya Terschellingia, ya kawaida sana kwenye matope ya mikoko, inaitwa kwa kisiwa cha Uholanzi. Mbele ya pwani ya Kenya tope limechukuliwa kwa meli kuanzia kina cha mita 20 hadi 2,000, na mwaka 1997 makala moja tu ilieleza spishi saba za jenasi ya Acantholaimus kutoka Bahari ya Hindi. Jenasi moja, saba kwa mkupuo.

Na tropiki ina vituko vyake. Katika mchanga wa maji ya joto, pale unapochimba kidogo ukakutana na harufu ya yai bovu, wamo nematodi wa kundi la Stilbonematinae. Hawa wamevaa bakteria mwili mzima, wamepangwa kama manyoya, hadi mnyoo anaonekana mweupe. Bakteria wanaishi kwa salfaidi na oksijeni, vitu viwili visivyokaa tabaka moja la mchanga. Mnyoo huwabeba, akashuka kwenye salfaidi na kupanda kwenye oksijeni. Ndugu yake wa mbali, Astomonema, hana kinywa kabisa. Bakteria wamejaa ndani ya mwili wake na wanamlisha humo humo. Nikiwaza neno "huru" mbele ya hawa wawili nacheka. Hawajapanga kwa mtu, ni kweli. Wao ndio wenye ploti, na wapangaji wanalipa kodi kwa chakula.

Turudi South B, maana mpwa wangu aliuliza swali la pili: wale wa kwenye tone walikuwa wengi sana, je, hiyo ni dalili nzuri? Kinywa chao kilikuwa mrija mwembamba, karibu wote. Hao ni wala bakteria, na wala bakteria huzaana haraka panapotupwa uchafu. Yule maarufu wa maabara, Caenorhabditis elegans, huwa mtu mzima kwa siku tatu nne tu. Mwaka 1990 Tom Bongers wa Uholanzi alipendekeza kipimo kinachowapa nematodi alama 1 hadi 5: moja kwa wanaovamia haraka na kuvumilia uchafu, tano kwa wanaoishi muda mrefu, wenye watoto wachache, wanaotoweka wa kwanza mambo yakiharibika. Tope likijaa wenye alama ndogo, unashuku kuna kitu kilichomwagwa kabla hujapima maji. Na tofauti na samaki, hawa hawahami wakiona hatari; wakibaki au wakifa, wanabaki au wanafia pale pale.

Kwa hiyo jibu lilikuwa: wengi, ndiyo, wa namna nyingi, hapana.

Tope lenyewe halikai South B. Mto Ngong unaingia Mto Nairobi, Mto Nairobi unaingia Athi, Athi ukishuka unaitwa Galana, na Galana ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Mvua ikinyesha sana huku juu, bahari ya Malindi hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Chini ya chai hiyo kuna minyoo wa alama mbalimbali, na baadhi yao bado wanaitwa sp. 1.